Barabara ikifungwa, daktari mmoja hatoshi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1961, kule Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, daktari Leonid Rogozov alijipasua tumbo kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 27, daktari pekee katika Novolazarevskaya, kituo cha watafiti cha Umoja wa Kisovieti. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, na kwa dhoruba ya theluji ndege haikuweza kufika.

Wengi husifu ujasiri wake, na ni haki. Lakini waliomsaidia husahaulika. Fundi wa mitambo alimshikia kioo. Mtaalamu wa hali ya hewa alimpa vyombo. Hawakuwa waganga. Kabla ya kuanza, Rogozov alimpa kila mmoja kazi yake, akawafundisha namna ya kumuokoa akizimia. Upasuaji ulichukua saa moja na dakika 45. Majuma mawili hivi baadaye alirudi kazini.

Australia nayo haingoji bahati. Daktari wake anayekwenda kukaa Antaktika wakati wa baridi hutolewa kwanza kidole tumbo, hata kama hakimuumi. Na wafanyakazi wa kawaida hufunzwa majuma mawili katika hospitali ya Hobart, ili wamsaidie daktari wakati wa upasuaji. Hata wanaanga wasio madaktari hufunzwa kushona kidonda na kupiga sindano, maana huko juu hakuna ambulansi.

Somo hilo linafaa Kivu na Ituri. Vita ikifunga barabara, kambi ya wakimbizi wa ndani inabaki peke yake kama kituo kile cha barafuni. Tofauti ni moja: Rogozov alichagua kwenda, mama aliyekimbia na watoto mgongoni hakuchagua.

Kwa hiyo wakuu wa afya na mashirika wasingoje barabara ifungwe. Katika kila safu ya mahema wafundishwe watu wa kuzuia damu, kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari, na kutambua mapema dalili za hatari kwa mama mjamzito.

Wengine watasema hiyo ni njia ya kukwepa kuleta madaktari. Hapana. Australia hufundisha wasaidizi, na daktari bado inamtuma. Wakimbizi wana haki ya vyote viwili.