Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Siku ya Mwaka Huko Makunduchi

Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hutajwa na wengi, lakini ni mahali pachache ambapo huchukuliwa kuwa sheria ya nyumba. Pamoja ni Makunduchi, makao ya wakulima na wavuvi yaliyoko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, katika nchi ya Tanzania. Huko, siku ya kuukaribisha mwaka, nyumba isiyo na mgeni huhesabiwa kuwa imepungukiwa. Askari wa nchi jirani aliyepata likizo, akaamua kuvuka bahari pamoja na rafiki zake, hana siku bora kuliko hiyo ya kuzijua familia za kisiwa kile. Wala hana siku itakayoipima tabia yake zaidi.

Sikukuu yenyewe huitwa Mwaka Kogwa, jina litokanalo na kukoga, yaani kuoga, kwa maana kwamba watu hujitakasa na uchafu wa mwaka uliokwisha. Mwaka huo ni ule wa Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi. Una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku 5 za kukamilishia. Mwaka wa Kiislamu, unaofuata mwezi, ni mfupi zaidi, na kwa hiyo hauendi sambamba na majira ya mvua na pepo. Ndiyo sababu wazee wa pwani walishika hesabu ya Nairuzi ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa kuvua. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya nyongeza, sikukuu hurudi nyuma kwa siku 1 kila baada ya miaka 4, na siku hizi huangukia mwezi wa Julai.

Julai ni wakati wa kusi. Bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huwa na mawimbi, na hata mtu aliyezoea kwata na safari ndefu za miguu aweza kutapika melini mbele ya mkewe. Yafaa ieleweke hivyo mapema. Hati za safari ziwe tayari, na sare za kazi zibaki nyumbani. Sheria ya Tanzania haimruhusu raia kuvaa sare za kijeshi, na askari wa nchi nyingine aliye likizoni ni raia tu katika macho ya sheria hiyo. Lakini kuacha sare ni jambo jepesi. Lililo gumu ni kukiacha cheo.

Chukuliwe mfano wa kundi la marafiki watano: sajini na mkewe, dereva wa jeshi na mkewe, na konstebo mmoja wa polisi aliye bado kijana. Wote hukaa jirani, na wake zao huazimana chumvi. Hata hivyo sajini na dereva hawazungumzi vizuri tangu jambo fulani lililotokea kazini, na walikubali kusafiri pamoja kwa sababu tu wake zao walikwisha kuwekeana ahadi. Mwenyeji wao ni mzee mvuvi, ambaye mwanawe alijuana na konstebo.

Wanapofika hupiga hodi na kungoja. Viatu huachwa nje. Wanaume hukaribishwa barazani, na akina mama huongozwa ndani, ambako mama mwenye nyumba ndiye mwenye amri. Watoto huja mmoja mmoja kutoa shikamoo. Hapo ndipo mambo huanza kwenda kinyume na taratibu za kambini, kwani watoto humwendea kwanza dereva, ambaye kichwa chake kimekwisha kuota mvi, kisha sajini. Maji ya kunawa humfikia dereva kwanza. Mzee mwenye nyumba humwelekezea dereva maneno yake, akimwita "mwenzangu." Hakuna aliyekusudia kumdharau sajini. Ni kwamba katika nyumba ile heshima hufuata umri, na mabega ya mtu hayasomwi.

Sajini hukunja uso. Chakula huletwa katika sinia moja: wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Wanaume wote huketi mkekani kulizunguka, kila mmoja akila upande ulio mbele yake kwa mkono wa kulia. Sinia haina kiti cha mbele wala cha nyuma. Anayenyosha mkono kuchukua kipande kilicho mbele ya mwenziwe huonekana na wote, na anayekataa kula kwa sababu ya hasira huonekana zaidi.

Huko ndani nako kuna somo. Wake wa wageni huona yale ambayo barazani hufichwa: nazi zilizokunwa tangu alfajiri, mikeka iliyoazimwa, na mchele uliopimwa kwa uangalifu. Katika pwani ile ya mashariki wanawake wengi hulima mwani, kazi iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nao husimama majini kwa saa nyingi maji yakipwa ili kupata fedha ya ada za shule na ya kitoweo. Mama wa namna hiyo akiambiwa, "Tumekusumbua," hujibu, "Hakuna usumbufu." Mgeni mwenye busara hasikilizi jibu hilo peke yake, bali hutazama na mikono iliyolitoa.

Siku ya pili watu hukusanyika katika uwanja wa Kae Kuu. Wanaume wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini hupambana kwa kuchapana mashina ya migomba. Zamani zilitumika fimbo; mgomba huuma lakini hauvunji mfupa. Maana yake ni kwamba kinyongo cha mwaka mzima kitolewe hapo, mbele za watu, kisha kisibebwe tena. Akina mama, waliovaa nguo zao nzuri, huimba huku wakiwatania wanaume. Baadaye hujengwa kibanda cha makuti, watu wakaingia, nacho kikawashwa moto. Waliomo hutoka mbio salama. Hufanywa hivyo ili kukumbusha kwamba jirani akifikwa na maafa, kumwokoa ni wajibu wa kila mtu.

Kwa watu wa silaha mchezo huo una fundisho kubwa. Pale kuna nguvu, kuna hasira, hata kuna maumivu. Lakini chombo kimechaguliwa kisiue, wakati umewekewa mpaka, na anayepigwa leo atakula na mpigaji jioni. Askari ajuaye kuwa nguvu bila mpaka ni balaa ataelewa mara moja. Ugomvi uliofichwa kifuani mwaka mzima ndio hatari kuliko ule uliomalizwa kwa gomba la mgomba uwanjani.

Sajini na dereva si wa kusini wala wa kaskazini, nao hutazama tu. Hawasemezani. Lakini asubuhi ya tatu, barazani, mbele ya mzee na mbele ya wake zao, sajini humgeukia dereva na kusema, "Shikamoo." Dereva husita kidogo, kisha hujibu, "Marahaba." Hakuna hotuba inayofuata. Watakaporudi kambini dereva atamtii sajini kama kawaida, kwa kuwa kazini amri ni amri, na jeshi lisilo na cheo si jeshi. Ila wote wawili watajua kwamba chini ya utii ule kuna mtu na mtu mwenziwe.

Hapana budi kukumbusha pia kwamba methali nyingine husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kundi la watu watano si mzigo mdogo kwa nyumba ya mvuvi. Ni vyema wageni wafike na mchele, sukari na sabuni, na vitu hivyo akabidhiwe mama mwenye nyumba ndani kimyakimya, si mzee barazani kana kwamba ni malipo. Picha za akina mama zisipigwe bila idhini. Vijana wa kundi wachote maji na kuburura chombo pwani pamoja na wenyeji. Na wakifika kwao salama, wapeleke habari. Mwenyeji asiyejua kama wageni wake walivuka salama hulala na wasiwasi.

Juu ya yote, deni la ukarimu halilipwi kwa fedha. Hulipwa siku kijana wa Makunduchi atakapopiga hodi katika nyumba ndogo ya kambi, mwisho wa mwezi, unga ukiwa umebaki kidogo. Siku hiyo ndipo familia ya askari itakapojulikana kama ilikwenda kisiwani kutembea tu, au ilikwenda ikajifunza. Mlango ukifunguliwa na sinia likawekwa katikati, mwenyeji naye atapona.