Msafara wa moto hautalipa deni la serkali

Wamotari wa Butembo hawahitaji kufundishwa kuchanga. Wana likirimba zao, na mwenzao akipata aksida wanamkusanyia pesa ya hospitali kabla jua halijatua. Kwa hiyo wazo la kuzunguka mji kwa moto, honi zikilia, ili kutafutia watoto wachanga msaada si la kuchekwa. Kinachoudhi ni wale wanaopanda mbele ya msafara.

Wakubwa hao huvaa jile mpya, hupigwa picha, hutoa bahasha, kisha hurudi ofisini, mahali ambapo dawa ingepaswa kutoka. Katiba ya nchi, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Mwaka 2001, kule Abuja, serkali za Afrika ziliahidi kuweka 15% ya bajeti kwenye afya. Mwaka 2023 Kinshasa ilianzisha kujifungua bila malipo, pamoja na matunzo ya mtoto mchanga. Mama aliyesikia hayo redioni anauliza: mbona mimi nimeandikiwa fakture? Akikosa kulipa, anabakizwa materinite na mtoto wake; amepona, lakini hatoki. Hicho ni kifungo, hata wakikipa jina lingine.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huuawa na baridi, kukosa pumzi na maambukizi. Kumfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, hakugharimu hata franga moja. Lakini muuguzi anayemwonyesha mama namna hiyo anahitaji mshahara, na mashine ya oksijeni inahitaji umeme. Pesa ya msafara itanunua mazuti ya jenereta kwa siku chache. Halafu?

Motari huyuhuyu ndiye ambilansi ya kijiji. Usiku wa manane ndiye anayembeba mama mwenye uchungu kwenye matope, na ndiye anayempeleka muuguzi mwenye kisanduku cha chanjo. Asubuhi anasimamishwa barabarani atoe kitu kidogo. Jioni anapitishiwa kapu la msaada.

Msafara uendelee, basi. Ila pesa ipelekwe moja kwa moja kwenye kese, fakture kwa fakture, akina mama watoke, na hesabu isomwe redioni wiki ileile. Naye mkubwa anayetaka kupanda moto ya kwanza aje na kitu kimoja mkononi: tarehe ambayo fakture hizo zitakoma.