Staa na Waya Masikioni: Kafulia, au Nyie Ndio Mmeshikwa?

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina lake lihifadhiwe maana ameshachambwa vya kutosha, kakaa uwanja wa ndege anasubiri safari. Kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, simu ya bei mbaya mkononi, na kutoka masikioni unaning'inia waya mweupe mpaka kwenye simu. Hakuna kingine. Lakini wenye mji walishaona kitu. Mmoja akaandika kwamba shoo hazilipi siku hizi. Mwingine akauliza kama zile za Bluetooth zimeuzwa kulipia kodi ya nyumba. Wa tatu, huyu alikuwa na huruma kidogo, akaomba mashabiki wamchangie.

Yaani mtu ana simu ya mamilioni mkononi, halafu anaitwa fukara kwa sababu ya waya.

Katikati ya zile kejeli kuna mdau aliuliza swali la maana: kwani bado kuna watu wanatumia eafoni za waya? Wapo, tena wamejaa. Panda mwendokasi ya Kimara asubuhi uangalie masikio ya watu. Pita Kariakoo umwone machinga kazining'iniza begani utadhani kavaa shanga, buku mbili, buku tatu, jaribu kwanza ndiyo ulipe. Kama watu wangekuwa wameziacha, jamaa asingeshinda juani na mzigo ule. Simu nyingi za bei ya kawaida zinazouzwa mjini, za Tecno, Infinix na itel, bado zina lile tundu la duara la milimita 3.5. Watengenezaji wanawajua wateja wao kuliko wanavyojuana wenyewe kwenye komenti.

Hii aibu ya waya haikuzaliwa Bongo. Septemba 2016 Apple walizindua iPhone 7 isiyo na tundu, na bosi wao mmoja akasimama jukwaani akasema kilichowasukuma ni ujasiri. Siku hiyohiyo wakatambulisha AirPods, dola 159. Sasa hapo nani hajauelewa mchezo? Google mwaka huohuo wakaringia tundu lao kwenye matangazo ya Pixel, mwaka uliofuata Pixel 2 ikaja haina. Samsung nao walitoa tangazo la kuwacheka Apple, kisha 2019 wakaliondoa kwenye Galaxy Note 10 kimyakimya. Mwaka 2020 Apple wakaacha hata kuweka eafoni kwenye boksi la iPhone, isipokuwa Ufaransa, ambako sheria iliwabana waendelee kuziweka hadi mapema 2022. Na utamu wa stori ni huu: hadi leo Apple wenyewe wanauza eafoni za waya, dola 19. Kwa hiyo anayeuza haoni aibu, anayenunua ndiyo aone?

Kuna kichekesho kingine. Kuanzia mwaka 2021 hivi, wanamitindo na waigizaji vijana wa Marekani walianza kupigwa picha barabarani na waya mweupe unaning'inia juu ya koti, na kurasa za mitindo zikaandika kwamba huo ndio muonekano mpya. Wabongo walewale wakalike. Waya kwenye shingo ya mwanamitindo wa New York ni staili, waya kwenye shingo ya msanii wa Temeke ni njaa. Hapo tatizo si waya.

Tuache mitindo, kuna mambo ambayo waya unayaweza na Bluetooth inayakosa. Redio, kwa mfano. Simu nyingi zenye FM zinatumia waya wa eafoni kama antena, na bila kuuchomeka redio inagoma au inakwaruza tu. Mlinzi wa getini anayefuatilia Simba na Yanga bila kuchoma bando hata kidogo hawezi kusaidiwa na AirPods za tajiri wake. Yeye waya ndiyo uwanja wa taifa.

Halafu kuna wale madogo wanaorekodi demo chumbani. Sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo kufika sikioni. Ukisikiliza muziki tu huwezi kugundua, lakini ukiimba juu ya biti huku unajirekodi, unaimba kwa kufuata biti iliyokufikia imechelewa, na sauti yako inatua nyuma ya mdundo. Dogo anatuma kazi, prodyuza anamwambia hayupo kwenye biti, dogo anaamini ana roho mbaya. Kumbe mchawi yuko sikioni. Wacheza PUBG wanalijua hili vizuri: unasikia hatua za adui wakati wewe tayari uko chini. Ndiyo maana ukiingia studio yoyote ya maana, prodyuza mwenye gari kali nje bado kavaa hedifoni yenye waya mrefu kama kamba ya mbuzi. Huyo hakuna anayemchambua.

Maikrofoni pia. Wale wa TikTok wanaoshika kile kidude cha kwenye waya karibu na mdomo hawafanyi mbwembwe zote hizo bure. Maiki ikiwa karibu na mdomo inachukua sauti yako kabla ya kelele za mtaa. Na Bluetooth nyingi, ukianza kuitumia maiki yake, sauti inashuka ubora hadi unajisikia unaongea ndani ya ndoo.

Haki itendeke, za waya nazo zina vituko. Zinajifunga fundo mfukoni zenyewe, hakuna ajuaye ni saa ngapi. Zinanasa kwenye kitasa cha mlango na kukuvuta sikio mbele za watu. Pini ikishaanza kulegea, sikio moja linakata na unaanza kuishi umeinamisha shingo upande mmoja maana hapo ndipo zinasikika. Anayekimbia asubuhi Coco Beach, au mama anayekaanga chapati huku anasikiliza vois za shoga yake, wana kila sababu ya kutotaka waya. Wanunue, watumie, pesa yao.

Ila hela inapoanza kutoka kwa kuogopa macho ya watu, hapo pana shida. Kuna binti mmoja muuza duka la nguo, mshahara wake anaujua yeye na Mungu wake. Alikuwa na eafoni za waya zinazolia vizuri tu. Wenzake wa dukani wakaanza kumwita bibi. Mwisho wa mwezi akaenda kununua kopi, zile zenye kiboksi cheupe na jina la Apple lililokosewa herufi, elfu ishirini. Wiki ya tatu sikio la kushoto likafa. Mwezi haujaisha, la kulia nalo likafuata. Bado anazivaa. Kwenye daladala, kazini, hadi kwenye selfi. Hazilii chochote, ila zinaonekana, na siku hizi hakuna anayemwita bibi. Zile za waya zipo nyumbani chini ya mto, anazisikilizia usiku taa ikishazimwa.

Elfu ishirini kwa mtu wa kipato kile ni nauli ya siku nyingi. Waliomcheka hawakumchangia hata mia. Na ndio haohao, au ndugu zao, waliojaa chini ya picha ya staa wakiandika kafulia. Staa ataishi, ana shoo Jumamosi. Lakini komenti zile zinasomwa na wauza duka wengi kuliko mastaa, na wao ndio wanaoenda kuingia gharama.

Hata hizo orijino si za kurithisha wajukuu. Betri zake ni ndogo kama punje, zikishapigwa chaji miaka miwili mitatu zinaanza kuchoka, na kuzifungua bila kuziharibu ni kazi ambayo fundi wengi wa Kariakoo wataikataa. Ukidondosha moja kwenye mtaro, iliyobaki inakuwa yatima.

Anayetaka kubaki na waya wake huku simu yake haina tundu la duara, zipo za taipu C, ila awe macho. Zinafanana kwa nje lakini si zote zinaelewana na kila simu. Nyingine zina kidude cha kubadilisha sauti ndani yake, nyingine zinategemea simu ifanye hiyo kazi, na simu isipoweza unapata kimya. Chomeka hapohapo mbele ya muuzaji, cheza wimbo, piga simu uone kama maiki inasikika, ndiyo utoe hela. Na ukumbuke kwamba simu ya tundu moja huwezi kuichaji huku unasikiliza, labda ununue kile kigawio cha njia mbili. Hicho nacho kina waya.