Wanamuziki chipukizi wasidanganywe na kadi ya picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalowatia hasara vijana wanaorekodi muziki kwa kompyuta mpakato.

Siku hizi kijana akitaka kuanzisha studio, baadhi ya wauzaji humwambia anunue kompyuta yenye kadi kubwa ya picha, eti ndiyo inayoendesha programu za muziki. Hapa kijijini vijana wa kwaya wamechanga fedha za mavuno ya misimu miwili, na muuzaji mmoja mjini anawashawishi wazimalize zote kwa kompyuta ya namna hiyo. Napinga kabisa ushauri huo.

Ndugu Mhariri, programu kama FL Studio, Cubase na Reaper hukokotoa sauti kwa prosesa kuu. Kadi ya picha huchora tu yale tuyaonayo kwenye kioo, kama mawimbi ya sauti na vipimo vinavyopanda na kushuka. Kazi hiyo kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa huimudu. Ziko programu chache za nyongeza zinazokokotoa sauti kwa kadi ya picha, lakini si za lazima kwa anayeanza.

Tupige hesabu. Sauti ya kawaida ina sampuli 44,100 kila sekunde. Ukipanga zishughulikiwe 256 kwa mkupuo, prosesa hupata milisekunde 6 hivi kumaliza kila mkupuo. Ikichelewa, sauti hukwaruza na kukatika. Katika kompyuta za Windows, programu endeshi ya kadi ya picha ikiwa na hitilafu huweza kuichelewesha prosesa hivyo hivyo. Tena kadi kubwa ikifanya kazi hutoa joto. Likizidi, prosesa hupunguza kasi, na feni huunguruma hadi maikrofoni ikanasa kelele zake.

Sisemi kadi kubwa haina faida. Anayehariri video za nyimbo zake itamfaa. Pia ni kweli kwamba kadi ndogo hukopa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta. Lakini dawa yake ni kuongeza kumbukumbu.

Kwa hiyo nashauri fedha zitangulie kwenye prosesa yenye nguvu, kumbukumbu ya GB 16 na diski ya SSD. Zitakazobaki zinunue maikrofoni nzuri na kifaa cha kuingizia sauti. Wenye kompyuta tayari wasasishe programu endeshi, na wakati wa kuchanganya nyimbo wapandishe mkupuo hadi sampuli 512 au 1,024.

Mwisho, nawaomba wauzaji wamuulize mteja kazi anayotaka kufanya kabla ya kumtajia bei. Maofisa utamaduni nao wawaelimishe vijana mapema. Fedha ya mkulima ni jasho lake, isipotezwe kwa kitu asichokihitaji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.