Tope la Msimbazi Lisomwe Kabla ya Kuzolewa

Mto Msimbazi hutoka katika vilima vya Kisarawe na Pugu, ukapita bondeni kati ya Ilala na Kinondoni, hata ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Njiani hupokea maji machafu ya viwanda, ya machinjio na ya vyoo. Maji hupita, lakini sehemu ya metali nzito zilizomo hushikamana na chembe za tope na kutua katika mikoko, tabaka juu ya tabaka. Hivyo tope la mlango wa mto ni daftari la jiji zima.

Kulisoma daftari hilo si uganga. Bomba hudidimizwa wima katika tope, likatolewa na mche wa tope ndani yake, na mche huo ukakatwa vipande vyembamba. Umri wa kila kipande hukadiriwa kwa risasi-210, ambayo huanguka kutoka angani pasipo kukoma, na ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 22 hivi. Kadiri inavyopungua, ndivyo tabaka lilivyo la kale. Kipimo hiki hufika nyuma miaka 100 au zaidi kidogo, yaani kabla kiwanda cha nguo cha Urafiki hakijafunguliwa Ubungo mwaka 1968. Kisha kemia hueleza zinki, kromi na risasi ya kawaida ziliingia lini na kwa kiasi gani.

Ni kweli kwamba daftari hili lina kurasa zilizochanika. Kaa huchimba mashimo na kuchanganya tabaka. Mafuriko, kama yale ya Desemba 2011, hukokota tope na kuleta mchanga. Ndiyo sababu mche mmoja hautoshi. Hapana budi kuchukua kadhaa na kuilinganisha.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia kuchimba na kuzoa tope la bonde la chini ili kupunguza mafuriko. Jambo hilo ni jema. Wapo watakaosema kwamba aliyepoteza nyumba hana haja na historia ya tope. Hoja hiyo ina uzito, ila husahau mambo mawili. Kwanza, tope likichimbuliwa bila kujulikana sumu imelala kina gani, sumu hiyo yaweza kurudi majini na kuwafikia samaki. Pili, asiyejua mto ulivyokuwa kabla ya viwanda hawezi kupima kama umesafika. Atalinganisha uchafu na uchafu.

Basi kila sehemu isichimbwe kabla miche haijachukuliwa, ikaandikwa mahali na kina ilikotoka, na kuhifadhiwa ili wanafunzi wa leo waje kuisoma kesho. Kazi hiyo ni ya siku chache. Tope likishazolewa, kurasa zake hazipangiki tena.