Biharusi, Usigawe Garimoshi Lako



Wiki tatu kabla ya harusi yake, mdogo wetu mmoja alikuja nyumbani baada ya Alasiri na sanduku la plastiki alilolifunga kwa kanga. Tulidhani kaleta vyombo, maana msimu huu kila biharusi anahamisha masufuria. Alipolifungua, ndani mlikuwa na reli za kuchezea, mabehewa matatu ya buluu, kichwa cha garimoshi, na mifuko ya vitofali vya LEGO vilivyopangwa kwa rangi. Akasema, "Dada zangu, nihifadhieni. Shangazi kasema niwagaie watoto wa jirani. Mke wa mtu hachezi."

Hakulia wala hakumlaumu shangazi yake. Alifunga tena kanga, akanywa chai, akatuuliza habari za nyumbani. Lakini tulimwona namna alivyoliweka lile sanduku chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Usiku ule tulikaa tukazungumza mpaka karibu na saa sita, na leo tunataka kusema tuliyokubaliana. Tunajua wengine hamtakubaliana nasi. Si neno, sisi ni ndugu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, kwa sababu ukisema "garimoshi la kuchezea" mtu hufikiria kitu cha kuvutwa kwa uzi. LEGO ni matofali madogo ya plastiki yanayoshikana. Kampuni yake ilianzishwa na fundi seremala, Ole Kirk Christiansen, katika mji wa Billund, Denmark, mwaka 1932. Jina limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali tunalolijua leo lilisajiliwa mwaka 1958, na garimoshi la kwanza la umeme likatoka mwaka 1966. Tangu hapo kuna watu wazima duniani, wake kwa waume, ambao starehe yao ni kujenga miji mizima ya vitofali na kuzungusha magarimoshi ndani yake: stesheni, madaraja, masoko, vivuko vya reli. Hukutana katika vilabu, kila mmoja akaja na kipande chake cha mji, wakaviunganisha mezani.

Nayo ni kazi ya akili. Reli moja iliyonyooka ina urefu wa sentimita 12.8. Vipande 16 vya kona hufanya duara kamili, na duara hilo linachukua takriban sentimita 70 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukijenga jukwaa la stesheni karibu mno na kona, behewa refu litalikwangua, kwa sababu katikati ya behewa huingia ndani ya kona na ncha zake hutoka nje. Daraja likipanda kwa ghafla, injini itashindwa, magurudumu yatazunguka bure. Mdogo wetu alijifunza yote haya peke yake, kwa kukosea na kubomoa. Aliwahi kurudia daraja moja mara nne. Sisi tulioshindwa kumaliza fulana moja ya kufuma hatuna la kumfundisha kuhusu subira.

Wala msidhani reli ni jambo geni kwetu visiwani. Sultan Barghash alikuwa na reli yake ya kuelekea Chukwani katika karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na reli ya maili 7 hivi kutoka Mjini hadi Bububu. Ngome Kongwe iliwahi kutumika kwa shughuli za reli hiyo, na baadaye ua wake ukawa uwanja wa tenisi wa wanawake. Tukipita pale Forodhani tunaona maduka ya vinyago, tunasahau kwamba mahali hapo pamepita garimoshi na pamepita wanawake waliokwenda kucheza. Mdogo wetu ndiye aliyetukumbusha. Mradi wake wa mwisho kabla ya posa ulikuwa ni garimoshi la Bububu, na nyumba za pembeni zenye milango mikubwa aliyoitengeneza kwa vitofali vya hudhurungi, misumari yake kwa vijitofali vya dhahabu.

Sasa tuje kwenye neno la shangazi. Hatumdharau. Shangazi ni mtu mzima, kaoza wengi, na analolisema lina sababu. Anajua nyumba ya mwanzo ni vyumba viwili. Anajua mavyaa atakuja kutazama, na wifi atasimulia alichokiona. Anaogopa binti yake aitwe mtoto. Hiyo ni hofu ya mapenzi.

Lakini tumejiuliza swali moja, nanyi jiulizeni. Starehe gani za mwanamke tunazozisifu? Tunasema, mashaallah, fulani anajua kupika mikate, fulani anashona, fulani anapamba ukumbi, fulani ana mkono wa hina. Zote nzuri, na sisi wenyewe tunazipenda. Lakini zote huishia kwenye sahani ya mtu mwingine, mwili wa mtu mwingine au harusi ya mtu mwingine. Starehe ambayo faida yake inabaki kwa mwanamke mwenyewe, katika utulivu wa moyo wake, tunaiita utoto. Kaka yake anacheza mpira ufukweni kila jioni na ana mke na watoto watatu. Hatujasikia mtu akimwambia mume wa mtu hachezi.

Na dini yetu haikutufundisha hivyo. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na vitu vyake vya kuchezea katika nyumba ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na miongoni mwavyo farasi mwenye mabawa. Imepokewa kwamba Mtume alimuuliza juu yake, akacheka kwa jibu lake. Imepokewa pia kwamba walishindana mbio, siku moja akashinda Bibi Aisha, na siku nyingine baadaye akashinda Mtume. Nyumba hiyo ndiyo tunayoambiwa tuige. Ilikuwa na ibada, ilikuwa na njaa siku nyingine, na ilikuwa na kicheko.

Tusije tukaeleweka kwamba kila kitu ni ruhusa bila mipaka. Mipaka ipo, na anayependa starehe yake ndiye wa kwanza kuilinda. Sisi si mashekhe, lakini haya tumeyapima.

La kwanza ni fedha. Starehe hii ina bei. Garimoshi la Orient Express walilolitoa mwaka 2023 lina vipande 2,540, na lilipotoka liliuzwa karibu dola 300 za Marekani, tena bila injini ya kulizungusha. Biharusi anayekopa kwa ajili ya kitu kama hicho, au anayechukua fedha za matumizi ya nyumba kwa siri, amekwishatoka kwenye starehe. Katika Suratul Furqan, waja wa Rahmani wamesifiwa kwa kutumia bila israfu wala ubakhili. Mdogo wetu alijenga sanduku lake kwa miaka sita. Mengine aliletewa na mjomba kutoka Maskati, mengine alinunua yaliyotumika, na alianza na duara moja tu la reli. Hajawahi kumdai mtu wala kudaiwa. Na tuseme ukweli, tumeona wanaotoa fedha kama hizo kwa ukumbi wa saa nne, kisha wakamwambia yeye kuwa ni mbadhirifu.

La pili ni wakati. Kujenga kunavuta. Unasema kipande kimoja zaidi, adhana ya Isha inapita. Mdogo wetu alijiwekea kanuni: adhana ikisikika, kilichoko mkononi kinawekwa chini hata kama ni tofali la mwisho. Kanuni hiyo tumeiiba kwa ajili ya simu zetu.

La tatu ni vile vijitu vidogo vya plastiki vinavyokaa ndani ya mabehewa. Mashekhe wamekhitilafiana kuhusu sanamu na vitu vya kuchezea, hasa kwa watu wazima. Muulize unayemwamini katika elimu. Yeye ameamua kuviacha: mji wake una minazi, mashua, baiskeli zilizoegeshwa na milango iliyo wazi, lakini hauna watu. Ajabu ni kwamba ukiutazama unahisi watu wameingia msikitini tu, watatoka sasa hivi.

La nne ni watoto, ambao inshaallah watakuja. Vipande ni vidogo, na mtoto wa chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni. Sanduku lazima liwe na kifuniko na lipande juu ya kabati. Asiyeweza kulihifadhi hivyo, kwa miaka hiyo bora alifunge kabisa.

Dada anayetimiza hayo, tunamwambia waziwazi: usigawe. Ukigawa kitu ukipendacho kwa radhi yako, una ujira wako. Ukikigawa kwa aibu, kwa sababu umeambiwa kuwa mke ni mtu asiye na lake, unaingia katika ndoa na kovu dogo ambalo mumeo hakulitia wala hajui lipo. Tumewaona wake wa namna hiyo. Baada ya miaka kumi wanasema, "Nimeacha kila kitu kwa ajili yako," na mume anashangaa kwa dhati, kwa sababu hakuwahi kuulizwa.

Hapo ndipo tulipomrudisha mdogo wetu. Tulimwambia sanduku lako tutalihifadhi siku moja tu, si zaidi. Kesho nenda ukaseme na mwenyewe, kwa adabu na mbele ya kaka yako. Mwonyeshe kitu chenyewe, ufungue kanga, usimwambie kwa maneno tu. Maana swali la mahali pa kuishi, fedha na wakati ni maswali ya mume na mke kushauriana. Si ya shangazi, na si yetu sisi pia.

Alikwenda. Kijana hakufurahi kama watu wa kwenye filamu. Alitazama, akanyamaza, kisha akasema nyumba ni ndogo, na sebule ni ya wageni, hapatakaa reli sebuleni. Mdogo wetu akakubali, kwa sababu lilikuwa neno la haki. Kisha akauliza itakuwaje umeme ukikatika. Akamweleza kwamba zamani, kuanzia mwaka 1991, reli zake zilikuwa za chuma na umeme ulipita ndani ya reli, lakini za siku hizi ni plastiki tupu na betri zimo ndani ya garimoshi lenyewe. Umeme ukikatika, linazidi kuzunguka gizani. Kijana akasema hilo angependa kuliona.

Wamekubaliana hivi. Ubao mmoja wa sentimita 80 kwa mita moja na nusu na kidogo, unaoingia chini ya kitanda. Kona zote 16 na vipande 12 vya kunyooka, sita kila upande, vinatosha humo. Hakuna kitofali kipya kitakachonunuliwa mwaka wa kwanza. Vitakaa mbali na dirisha, kwa sababu jua huvigeuza vyeupe vikawa njano. Na shangazi tumemwendea sisi wenyewe na halua, tukamwomba radhi kwa kupita juu ya neno lake. Hajakubali bado. Alisema, "Haya, nyinyi wa siku hizi mnajua zaidi," na nyote mnajua maana ya sentensi hiyo. Tutarudi tena.

Nanyi mnaoingia kwenye singo na hina miezi hii, fungueni masanduku yenu kabla hamjahama. Pengine ndani hamna reli. Pengine ni daftari la mashairi, darubini, kamera, viatu vya mazoezi, mbegu za maua. Lipime kwa dini yako, kwa mfuko wako na kwa wakati wako. Likifaulu, lipeleke kwa mwenzio ungali na ulimi mtamu na yeye angali na masikio. Somo atakufundisha mengi kuhusu kumtunza mume. Hili la kujitunza mwenyewe lisisahaulike, kwa sababu mke aliyetulia hutuliza nyumba.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wote, atie mapenzi na huruma baina yao, na awajaalie nyumba zenye swala, riziki ya halali na kicheko. Amin.

Wabillahi tawfiq.