Ukurasa wa bustani: Orkidi ndani ya bidoni



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya vitunguu vya majani kwenye gunia. Mwezi huu tunajibu swali ambalo wengi mmetuuliza mkipita mbele ya darasa: lile ua lililo ndani ya bidoni ya mafuta, linaishije bila udongo? Wengine mmeuliza kwa kucheka, ati walimu wamekosa kazi, wanapanda maua wakati watu wanataka mboga. Maswali yote mawili tunayapokea.

Ua lile linaitwa orkidi. Wengi wenu mmeliona nyumbani, Masisi au Rutshuru, likiwa limeshika tawi la mti mkubwa, mkadhani linanyonya mti ule. Hapana. Orkidi za namna hiyo zimekaa juu ya mti kama mgeni barazani, hazili chakula cha mwenye nyumba. Mizizi yake inaning'inia hewani, na imevikwa ngozi nyeupe inayofanya kazi kama sifongo: mvua ikinyesha inanyonya, jua likitoka inakauka, inapumua. Ndiyo maana ukiichukua ukaizika kwenye udongo mzito inakufa. Watu husema imekosa maji, wanazidi kuimwagia, kumbe imekosa pumzi.

Na kuhusu kusema ua haliliwi, hapo tunabisha kidogo. Ziko orkidi zinazoota ardhini na kuwa na viazi vidogo chini. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania watu wanavichimba, na vingi vinavuka mpaka kwenda Zambia, ambako vinatwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga. Chakula hicho kinaitwa chikanda. Kimependwa mno hata orkidi zikaanza kuwa haba, na kuzilinda ni mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Halafu kuna vanila, ile inayotia harufu kwenye keki na aiskrimu. Hiyo nayo ni orkidi, na wakulima wa Beni na wa Uganda wanaiuza.

Wanafunzi wetu walipenda zaidi habari ya vanila, basi tuieleze. Mmea huo ulitoka Mexico. Ulipopelekwa visiwa vingine ulichanua bila kuzaa, kwa sababu wadudu wa kwao hawakuwako. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 hivi, Edmond Albius, aligundua namna ya kuliunganisha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba, ua moja baada ya jingine. Mpaka leo vanila ya dunia inazalishwa hivyo hivyo kwa mkono. Mabwana walitajirika, yeye aliachwa huru mwaka 1848 na akafa maskini. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliuliza kwa nini hakulipwa. Tulinyamaza kidogo.

Vanila lakini haifai kwa bidoni, ni mmea wa kupanda mti, unarefuka. Turudi kwenye hizi ndogo.

Kitu kinachotakiwa ni chombo ambacho mizizi itapata maji na hewa kwa wakati mmoja. Wapenda maua wa Marekani na Ulaya wananunua vidonge vya udongo uliochomwa na vyungu maalumu, wanaiita njia hiyo nusu-haidroponiki. Sisi hapa Rubavu tunayo makoro. Mawe haya ya volkano yako kila mahali, kwenye kuta, kwenye barabara, chini ya miguu. Tunajua wengine hamyapendi. Waliokuwa Goma tarehe 17 Januari 2002, au usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wanajua jiwe hili lilivyokuja likiwa moto. Lakini aliyepita baadaye kwenye njia ya moto ule ameona vimea vya kijivu kama ndevu vikianza juu ya jiwe tupu, halafu kangaga. Jiwe lile lina matundu, linashika maji.

Siyo kila koro lina faida. Lile zito, gumu, liacheni kwa wajenzi. Tafuteni jepesi lenye vitundu vingi, jekundu au jeusi, na livunjwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi mpaka haragwe. Jaribio ni hili: weka vipande vikavu kwenye sahani, mimina maji yafike nusu ya kimo chake, ngoja. Kama unyevu unapanda mpaka juu ya jiwe, jiwe hilo linafaa. Kama juu panabaki pakavu, tafuta mengine. Vipande vikubwa havipandishi maji vizuri hata vikiwa vyepesi. Kisha osha, na usichoke kuosha, mpaka maji yawe safi, maana vumbi lake likibaki linakuwa tope chini na mizizi inaoza kama ilivyo kwenye udongo. Yaloweke siku moja nzima kabla ya kupanda.

Chombo: kibidoni cha mafuta ya kupikia cha lita 3 au 5, au chupa ya maji ya lita 1 na nusu kwa mmea mdogo. Osha mafuta yote kwa maji ya moto na sabuni. Kata kichwa chake. Usitoboe chini hata kidogo! Toboa ubavuni, matundu mawili yaliyo karibu karibu, kwa msumari uliotiwa motoni, kwenye kimo cha vidole viwili vilivyolala kutoka chini. Hapo ndipo siri ya kazi yote. Maji yaliyo chini ya matundu yanabaki kama akiba, yanayozidi yanatoka, na jiwe linayapandisha pole pole mpaka kwenye mizizi iliyo juu. Kopo la bati halifai, linashika kutu. Na kama chombo kinapitisha mwanga, kifungeni kitambaa cheusi au kikuukuu, la sivyo utelezi wa kijani unajaa ndani.

Wahudumu wa afya walitusimamisha wakauliza: maji yaliyotuama si yataleta mbu? Haki yao kuuliza. Jibu ni kwamba maji yako chini kabisa, mawe yamefunika, na mbu hapati uso wa maji wa kutagia. Ila ukiona maji yanaonekana juu ya mawe, ujue matundu yameziba, zibua siku hiyo hiyo.

Kupanda kwenyewe ni dakika chache. Kata mizizi iliyooza, ile laini inayobonyea, acha iliyo ngumu. Weka mawe, simamisha mmea kitako chake kikiwa juu kabisa usoni, zungushia mawe mengine, na ufunge kwa uzi kwenye kijiti usitikisike. Wakati mzuri ni pale mizizi mipya inapochungulia, kwa sababu mizizi ya zamani ilizoea hewa na mingi itakufa. Msishtuke majani yakinywea kidogo mwezi wa kwanza.

Maji ya mvua ni bora kuliko yote, kingeni kwenye ukingo wa turubai. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini, hayafai, na tafadhali msiwatume watoto ziwani kwa ajili ya ua. Mimina juu mpaka yatoke kwenye matundu, yanayotoka yakinge kwenye beseni uyape mboga. Mara moja kwa wiki inatosha kwa kawaida, na kiangazi mwezi wa saba mara mbili. Kwa foleni ya bomba mnayoijua, hilo si jambo dogo.

Jiwe halina chakula, kwa hiyo mmea utahitaji mbolea, lakini kidogo sana. NPK 17-17-17 ambayo majirani wanatilia viazi inafaa: robo ya kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, koroga, chuja kwa kitambaa, tumia mara moja kwa wiki mbili. Samadi hapana, itanuka na kuoza ndani. Mahali pawe na jua la asubuhi, siyo la saa sita. Majani ya kijani kizito sana yanaonyesha giza limezidi na ua halitatoka. Usiku wa baridi ingizeni ndani.

Sasa, mmea unatoka wapi? Msiende kung'oa Gishwati wala kwenye Virunga. Ni hifadhi, na biashara ya orkidi za mwituni kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa kimataifa, hivyo usijaribu kuvusha hata moja kwenye barriere. Ombeni kipande kwa mtu anayeipanda. Orkidi nyingi zinagawanyika: kata sehemu yenye mashina matatu au zaidi, umepata mmea.

Pesa hatuwaahidi. Mwenye nafasi ya chombo kimoja tu, na watoto wake hawajaona mboga wiki nzima, apande kitunguu cha majani kwenye mawe hayo hayo. Kinakua vizuri na unakikata mara nyingi. Hilo tunasema wazi.

Lakini kuna swali la mama mmoja ambalo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Alichukua kipande, akauliza kitachanua lini. Tukamwambia, kipande kidogo kinaweza kuchukua mwaka, miwili, hata zaidi. Akakirudisha mezani. "Mwalimu, mwaka kesho ninyi mnajua tutakuwa wapi?"

Hatujui. Wengine wamepanda basi kwenda Mahama, wengine wanangoja majibu ya safari ya mbali, wengine wanasikiliza redio ya Goma kila asubuhi. Tumeona watu wanaokataa hata kupigilia msumari wa kutundika nguo, kwa sababu msumari ni kama kukubali kubaki. Tulimweleza mama yule kwamba tuta la mboga linabaki ardhini, lakini bidoni inabebeka. Mwaga maji ya chini, funga mmea kwa kitambaa, unakaa magotini ndani ya basi. Kule Mahama ni joto zaidi kuliko hapa, basi muweke kivulini na umwagilie mara kwa mara. Anayekwenda ng'ambo hawezi kuubeba, huyo agawe kabla: nusu kwa jirani, nusu kwa darasa.

Alifikiri, akakichukua tena. Akasema atampa binti yake akitunze, yeye ana muda wa kungoja.

Darasani vimebaki vipande sita. Jumamosi saa tatu asubuhi tutavunja mawe nyuma ya darasa, njooni na bidoni zenu zikiwa zimeoshwa, na nyundo kwa mwenye nayo. Na familia zilizo kwenye orodha ya basi la mwezi huu mtuambie mapema, tuwagawie ninyi kwanza.